Macho ya Wavu

Reli iliyoanzia Mombasa ilipowasili Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, Desemba 1901, wavuvi wa ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria, waliokuwa wakivua kwa migono na kwa nyua za matete zilizotegwa midomoni mwa mito, hawakujua kwamba gari la moshi limewaletea mnunuzi asiyeshiba. Kwani zamani samaki asiyeliwa, wala kukaushwa na kubadilishwa kwa nafaka, aliozea mikononi, na kuoza kule kulikuwa mpaka wa tamaa usiohitaji askari.

Mwaka 1905 zikaingia nyavu za kitani kutoka Ulaya, na ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, akanaswa kwa wingi usio mfano. Walakin hazikupita zama nyingi akaanza kuadimika. Mwingereza Michael Graham, aliyelikagua ziwa mwaka 1927 na 1928, akashauri upigwe marufuku wavu wenye macho yaliyo chini ya inchi 5, ili wadogo wapite wakazae; na shauri lake likawa sheria.

Aghalabu mvuvi aliyeivunja sheria hiyo hulaumiwa kwa ujinga ama uroho, nami siafiki. Mtazame alfajiri ufukweni Dunga, huko Kisumu, akilinyoosha jicho la wavu kati ya kidole gumba na cha shahada: ajua fika kwamba jicho la inchi 4 litamnasa mtoto wa ngege ambaye mwakani angalikuwa mkubwa wa kujaza sahani, lakini ajua pia kwamba akimwachilia leo, mwakani atakuwa wa yeyote aliyetandaza wavu mbele yake, ilhali deni la nyuzi na kodi ya serikali vyamngoja yeye peke yake. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Msiba ni kwamba jirani naye alijua kuhesabu.

Tena Kenya ina kama sehemu 6 tu katika 100 za ziwa hilo, na samaki haonyeshi hati mpakani. Hivyo Uganda na Tanganyika zilipoliondoa sharti la inchi 5 mwaka 1956, kumzuia mvuvi wa Kisumu kukawa kumwamuru awawekee wengine akiba. Mwaka 1961 Kenya nayo ikaliondoa.

Ngege auzwaye Kisumu siku hizi, akaangwaye mzima na kuliwa kwa ugali, aghalabu ni mgeni aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, akamrithi mwenyeji hata jina.