Kumtunza mzee nyumbani: chakula na maji ya kuoga havitoshi

Tunapofungua simu katika kipindi cha familia, swali moja hurudi mara kwa mara. Mtoto anasema mama yake anapikiwa, anaogeshwa na analala kwenye godoro zuri, lakini kutwa amenyamaza, chakula anakigusa tu, na akiulizwa anajibu kwamba hana neno. Familia inajiuliza imekosea wapi.

Mara nyingi familia hiyo haikumnyima mzee kitu. Ilimwondolea nafasi ya kuamua. Katika makala hii tunaeleza namna ya kumtunza mzee kwa muda mrefu huku akibaki mtu mwenye kauli nyumbani kwake.

Wazo lilianzia wapi?

Mwanasaikolojia wa Uingereza, Tom Kitwood wa Chuo Kikuu cha Bradford, alichunguza maisha ya watu wenye demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayoondoa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Katika kitabu chake cha mwaka 1997 alieleza kwamba hali ya mgonjwa haitokani na ubongo peke yake. Namna anavyotendewa nayo humjenga au humbomoa. Miongoni mwa makosa aliyoyataja ni kumdanganya mgonjwa, kumharakisha, kumfanya mtoto mdogo, na kumzungumzia mbele yake kana kwamba hayupo.

Huko Marekani, mwaka 1991, daktari Bill Thomas alikuwa akihudumia nyumba ya wazee katika mji mdogo wa New Berlin, jimbo la New York. Wazee walipata dawa na chakula, lakini aliona wanaumwa mambo matatu yasiyo na kidonge: upweke, kujiona hawana faida kwa yeyote, na kuchoshwa na siku zisizo na jipya. Akaleta mbwa, paka, ndege, mimea na bustani, na watoto wakawa wanaingia na kutoka. Wazee waliokuwa kimya wakaanza kuongea na kuomba wapewe mnyama wa kumtunza.

Sasa tazama ua wako. Kuku wapo, mbuzi wapo, wajukuu wapo, bustani ya mchicha ipo. Vile alivyolazimika kuvitafuta daktari yule, sisi tunavyo. Tatizo letu ni kwamba mzee akishaanza kudhoofika, tunampokonya jembe, tunagawa kuku wake, tunamhamishia chumba cha nyuma na kumwambia apumzike.

Anza kwa kuuliza

Sisi ni watu wa shikamoo, na ni jambo jema. Lakini heshima haiishii kwenye salamu. Muulize mzee anataka kuoga asubuhi au jioni. Muulize atavaa nguo ipi, nani amsaidie chooni, na anapenda kukaa wapi mchana. Mama mzima anaweza kuona aibu kuogeshwa na mwanawe wa kiume, akanyamaza kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Kabla ya kuuza ng'ombe wake au kukata mwembe wake, kaa naye mzungumze. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, lakini neno lenyewe lazima lifikishwe kwao.

Mwachie kazi anayoiweza

Mzee asiyeweza kulima anaweza kupukuchua mahindi, kuchambua mchele au mboga, kuwatupia kuku punje, au kumwangalia mtoto aliyelala. Akichukua saa nzima kwa kazi ya dakika kumi, mwache. Kama bado anaweza kushika kijiko, asilishwe kwa sababu tu wewe una haraka. Mkono usiotumika hupoteza nguvu upesi.

Mwili nao una haki yake

Kumheshimu mzee ni pamoja na kumkinga na maumivu. Kama hawezi kujigeuza kitandani, mgeuze karibu kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Kila siku tazama visigino, nyonga na sehemu ya chini ya mgongo. Ngozi ikibadilika rangi na isirudi hali yake, kidonda kinaanza: usiisugue, usimlaze upande huo, na wasiliana na mtoa huduma wa afya.

Anapokula, mketishe wima, mpe kidogo kidogo, na asilale mara tu anapomaliza. Akijikojolea, mbadilishe nguo bila kelele na bila kumwita mtoto. Usimpunguzie maji ili asikojoe, kwani kukosa maji kutamletea maradhi mengine.

Anapoanza kusahau

Mzee akikuuliza jambo lile lile mara tano, usimgombeze. Mjibu kwa upole, au mpeleke kwenye habari anayoipenda: harusi yake, safari zake, nyimbo za ujana wake. Kaa mbele yake akuone uso, ongea taratibu, jambo moja kwa wakati.

Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, usiseme ni uzee. Huenda ana malaria, maambukizi ya njia ya mkojo au upungufu wa maji mwilini. Mpeleke kituo cha afya haraka.

Na hili tunalisema wazi. Kusahau, kuongea peke yake na kutembea usiku si uchawi. Hapa Tanzania, hasa Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa tuhuma hizo, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi. Bibi aliyepikia kuni maisha yake yote ana macho mekundu kwa sababu ya moshi. Ukisikia maneno ya namna hiyo juu ya mzee yeyote, toa taarifa mapema kwa uongozi wa kijiji au polisi.

Anayetunza naye ni mtu

Mara nyingi mzigo wote huangukia kwa mtu mmoja, binti au mkamwana. Akichoka, hasira humwishia mzee. Ndugu wakae wagawane: huyu usiku, yule kufua, na aliye mjini atume pesa na apige simu azungumze na mzee mwenyewe, asiishie kuuliza habari zake kwa wengine.

Msaada wa serikali

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na mzee asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo. Anzia kwa mtendaji wa kijiji au afisa ustawi wa jamii, na uliza kuhusu utambulisho wa matibabu. Zanzibar, tangu mwaka 2016, serikali hulipa pensheni kwa wazee wote waliofikisha miaka 70.

Jioni ya leo, kabla hujamwekea mzee chakula, kaa karibu naye umuulize angependa kesho iweje. Kisha subiri jibu, hata likichelewa.