Moto wa Isamongo, mvua ya Nyakinywa: Mwiko ulioilinda misitu ya Mara

KILA inapofika Oktoba 14, barabara ya kuingia Butiama hujaa magari. Viongozi huweka mashada ya maua kwenye kaburi la Mwalimu Julius Nyerere pale Mwitongo, wanafunzi huzungushwa kwenye makumbusho, na jioni wageni hurudi Musoma au Bunda kulala. Wachache huuliza habari za msitu ulio jirani na makaburi yale. Unaitwa Muhunda. Ulikuwepo kabla ya makumbusho, kabla ya kanisa, kabla ya Mjerumani na Mwingereza, na kwa sehemu kubwa ya uhai wake haukuwa na askari wa misitu wala kibao cha onyo. Ulilindwa na mwiko.

Madaraka Nyerere, mtoto wa Mwalimu anayeishi Butiama na ambaye ameandika mengi kuhusu kwao, ndiye aliyewafanya watu wengi wa nje ya Uzanaki wausikie msitu huu. Kwa maelezo yake, Wazanaki wa Butiama wanaamini kuwa Muhunda ni mzimu ukaao humo, na kwamba huweza kujitokeza kwa sura ya mnyama. Nyani ndiye anayetajwa sana. Mkulima yeyote wa Mara anajua nyani ni adui wa mahindi. Hutumwa watoto na mbwa kumfukuza. Lakini nyani wa Muhunda ni mwenyeji, na mwenyeji hapigwi kwake.

Mwenye haraka ataliita hilo ushirikina, apite. Namwomba asimame kwanza chini ya mkuyu, mti ambao kando za mito na fukwe za Ziwa Victoria huonekana toka mbali kwa shina lake nene la rangi ya manjano iliyopauka. Makuyu hayaoti kwenye ncha za matawi kama embe. Yanajibana vichala vichala kwenye shina lenyewe na kwenye matawi makubwa. Maua yake hayaonekani, kwa kuwa yamo ndani ya tunda. Nyigu mdogo kuliko sisimizi hujipenyeza kwenye kitundu kilicho kichwani mwa tunda, na kitundu ni chembamba kiasi kwamba mabawa yake hukatikia mlangoni. Humo hutaga, hubeba chavua, hufa. Matunda yakiiva wanakuja ndege, popo na nyani. Nyani hula hapa, akaenda kujisaidia mbali, na mbegu zikaota huko. Anayemwacha nyani aishi amepanda mikuyu ambayo hataiona.

Wazee hawakuwa na habari za nyigu. Walikaa karibu na mti muda mrefu wakajua kwamba hauishi peke yake, na wakaona kuwa binadamu naye ni mmoja wa wanaoutegemea. Hilo ndilo somo la kiroho ambalo misitu hii inafundisha, nami naamini ni somo kubwa: kwamba kuna mahali ambapo mtu, hata awe na shoka kali na njaa ya kweli, anasimama na kusema hapa siendelei.

Historia ya somo hilo haikuandikwa mapema. Mwanahistoria Mmarekani, Jan Bender Shetler, alikuja Mara katika miaka ya 1990 akawasikiliza wazee wa Ikizu, Nata, Ikoma na majirani zao. Miongoni mwa matokeo yake ni vitabu viwili. Kimoja, cha mwaka 2003, kimekusanya historia zilizoandikwa na wenyeji wenyewe, ikiwemo ile ya P. M. Mturi na S. Sasora kuhusu Ikizu na Sizaki. Kingine, cha mwaka 2007, kinaeleza jinsi watu hawa walivyoikumbuka Serengeti kabla haijaitwa hifadhi. Anachokazia Shetler ni kwamba wazee hawakusimulia historia kwa miaka. Walisimulia kwa mahali: mlima huu, chemchemi ile, kichaka cha miti kile ambacho hakikatwi. Roho za nchi, ambazo huku huitwa emisambwa, zilikuwa na anwani.

Na anwani iliyo kubwa kuliko zote kwa watu wa Bunda ni mlima Chamuriho. Simulizi za Ikizu zinasema Muriho ndiye aliyeichukua nchi ile kutoka kwa waliokuwepo kabla yake, na mlima ukabaki na jina lake. Baada yake ndipo linakuja tukio ambalo kila msimulizi wa Ikizu hulifikia, na kila mmoja hulipamba kwa namna yake.

Alikuja mwanamke kutoka Kanadi, huko Usukumani. Jina lake Nyakinywa. Hakuja na jeshi wala mifugo ya kutisha. Alikuja na ujuzi wa mvua. Alimkuta Isamongo, mwenyeji, ambaye nguvu yake ilikuwa moto. Katika nchi ya wawindaji moto si kitu kidogo. Kwa moto unachoma nyasi kavu ili ziote mbichi, wanyama waje. Kwa moto unafukuza mbung'o, unafungua pori, unaifanya nchi ikalike. Isamongo hakuona sababu ya kumpisha mgeni.

Wakabishana nani mkubwa. Ubishi ule haukumalizwa kwa mkuki. Isamongo aliwasha moto wake. Ukashika, ukapanda. Nyakinywa naye akaita mvua yake. Wingu likajifunga, mvua ikanyesha, moto ukazimika. Hapo Isamongo angeweza kuondoka na aibu yake, au kurudi usiku na watu wake. Simulizi linasema walikaa chini wakapatana. Nyakinywa akawa mtemi, ukoo wa moto ukabaki na nafasi yake katika mambo ya nchi, na hakuna upande ulioambiwa hauhitajiki. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, na hapa mwenyeji alipona kwa kukubali kwamba moto wake una mwisho. Watemi wa mwanzo katika orodha ya Ikizu ni wanawake, mmoja baada ya mwingine, jambo ambalo vijana wa leo wa Bunda wangepaswa kulijua kabla ya kumwambia dada yao kwamba uongozi si wa mwanamke.

Nimelikalia tukio hili kwa sababu ndani yake imo sheria nzima ya misitu ya Mara. Moto unaruhusiwa, kulima kunaruhusiwa, kuwinda kunaruhusiwa. Lakini pale mvua inapoombewa, moto haufiki. Miti mikubwa ilibaki kwenye chemchemi na kwenye vilima vya maombezi kwa kuwa nchi ilikuwa na wenyewe wawili, mwenye moto na mwenye mvua, na kila mmoja alimchunga mwenzake. Halafu kulikuwa na kizazi chenyewe. Rika lililokabidhiwa nchi liliuzunguka mpaka wake kwa miguu pamoja na dawa ya ulinzi iitwayo orokoba. Kijana aliyezunguka hivyo alizijua chemchemi zote na miti yote ya mwiko kwa macho yake, na alijua atadaiwa.

Yaliyofuata yanajulikana. Wajerumani wakaja, wakateua machifu hata mahali pasipokuwa na chifu. Nyerere Burito wa Butiama alipata uchifu wa Wazanaki mwaka 1915. Waingereza wakaendeleza mtindo huo, pamba ikaingia, Serengeti ikawekewa mipaka na wawindaji wa jana wakaitwa majangili. Wamisionari walikuta miti inayoombewa na hawakuipenda.

Lakini mwaka 1922, kwa mama Mugaya, mke wa Burito, bado mambo yalikwenda kwa utaratibu wa zamani. Inasimuliwa kwamba mtoto aliyezaliwa Aprili mwaka ule aliitwa kwanza Mugendi, kisha kwa ushauri wa mganga akapewa jina la mzimu wa mvua: Kambarage. Mtoto huyo alibatizwa Julius mwaka 1943 katika misheni ya Nyegina, jirani na Musoma. Akawa Mkatoliki wa kuhudhuria misa asubuhi na mapema, na mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Jina la mvua hakulivua. Naye alipong'atuka alirudi kuishi Mwitongo, jirani na Muhunda. Wapo wanaosema mtu hawezi kuwa Mkristo au Mwislamu safi huku akiheshimu msitu wa mababu. Maisha ya Mwalimu yanatosha kuwajibu. Mtu anaweza asiuabudu mti, na bado akakataa kuukata.

Hata hivyo, kwa upendo wote tulio nao kwake, lazima isemwe kwamba pigo kubwa kwa walinzi wa misitu hii lilitoka kwenye serikali yake. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa nchini. Kisiasa palikuwa na sababu nzito, nchi changa haikutaka wafalme wadogo mia. Lakini pamoja na viti vya machifu liliondoka swali la nani sasa anayeulinda mkuyu wa chemchemi. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikawahamisha watu wa Mara wakapangwa kando ya barabara. Aliyekuwa akipita kwenye kichaka cha mababu kila asubuhi akajikuta saa kadhaa mbali nacho. Mwiko unahitaji majirani. Ukiachwa peke yake porini, anayekuja mwanzo ni mchoma mkaa.

Guta inaonyesha hayo waziwazi. Ukitoka Bunda mjini kuelekea Ghuba ya Speke unashuka taratibu hadi kwenye maji, na upande wa pili wa maji ni Ukerewe. Sangara walipofurika ziwani katika miaka ya 1980, fukwe kama hizi zilipata fedha ambazo pamba haikuwahi kuzileta. Dagaa huanikwa juani, lakini sangara ana mafuta mengi, na ili afike soko la mbali bila kuharibika ilibidi abanikwe. Kubanika ni kuni. Kuni ni miti ya karibu kwanza, kisha ya mbali. Mkaa wa kupikia mjini ukaongezea. Ni moto wa Isamongo uliorudi bila Nyakinywa.

Kwamba inawezekana kurudi nyuma, si ndoto. Majirani zetu Wasukuma wa Shinyanga wana ngitili, desturi ya kufunga eneo la malisho lipumzike. Mradi wa kuhifadhi ardhi huko, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi. Wataalamu wakawa na akili ya kuacha kupandisha miche ya kigeni kwa nguvu, wakawauliza wazee, na ndani ya miaka isiyofika 20 zikavuka hekta 300,000. Mwaka 2002 mradi ulipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Kenya nako, makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na mwanamazingira Wangari Maathai alieleza mara nyingi jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mgumo, mti wa jamii ya mkuyu, na jinsi mti ule ulipokatwa kijito alichochezea utotoni kilivyokauka.

Sisi Mara tuna Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, inayoruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuutungia masharti. Halmashauri za Bunda, Butiama na Musoma zinaweza kuketi hata mwaka huu, zikaita wazee wa koo, mapadri, wachungaji na mashehe, zikaorodhesha kila chemchemi na kila kichaka cha mwiko kilichosalia kuanzia Muhunda hadi ufukwe wa Guta. Sheria ndogo ya kurasa mbili ingetosha. Inauma kuona tunavyotenga bajeti ya kupaka rangi mawe ya barabarani kabla ya sherehe, na miti iliyoombewa mvua haina hata mlinzi mmoja wa kujitolea aliyeandikwa jina.

Na kile kitabu cha mwaka 2003 kilichapwa Leiden, Uholanzi. Hutakikuta kwenye duka la vitabu Bunda mjini. Wazee wengi waliomsimulia Shetler walikuwa tayari na umri mkubwa alipowakuta. Kila shule ya sekondari kutoka Guta hadi Butiama ingestahili kuwa na nakala, na walimu wa historia wangeweza kuanza na sura ya Mturi na Sasora, kisha wakawapeleka wanafunzi wao Chamuriho kwa miguu.