Walipotazama Ndipo Walipolipa: Filamu ya Indigènes na Askari Wazee wa Afrika

Siku ya Jumatano, tarehe 27 Septemba 2006, yalitukia nchini Ufaransa mambo mawili ambayo kwa desturi hayana udugu. Baraza la Mawaziri lilikata shauri kwamba askari wa zamani wa makoloni, wapatao 80,000 katika nchi zaidi ya 20, walipwe pensheni zilizo sawa na za Wafaransa waliopigana nao bega kwa bega. Na siku iyo hiyo majumba ya sinema ya nchi nzima yakaanza kuonyesha filamu iitwayo Indigènes, yaani Wenyeji, ambayo kisa chake ni cha askari hao hao. Ni nadra katika historia ya sinema kwa watazamaji kutoka ukumbini wakakuta kwamba dola imekwisha kujibu swali ambalo filamu imeuliza, na makala haya yanakusudia kueleza jinsi jibu hilo lilivyopatikana, kiasi chake, na upungufu wake.

Ili kulifahamu jambo hili hatuna budi kurudi nyuma hadi mwaka 1940, Ufaransa iliposhindwa na Ujerumani na heshima yake ya kijeshi ikaanguka mbele ya walimwengu. Baada ya majeshi ya Uingereza na Marekani kushuka Afrika ya Kaskazini mnamo Novemba 1942, jeshi la Ufaransa liliundwa upya katika ardhi ya Afrika, na sehemu kubwa ya askari wake walikuwa Waalgeria, Wamoroko, Watunisia na watu wa Afrika ya Magharibi, ambao wengi wao walikuwa hawajapata kuiona nchi waliyoambiwa kuwa ni mama yao. Walipigana Italia chini ya Jenerali Alphonse Juin. Wakashuka pwani ya Provence mnamo Agosti 1944 chini ya Jenerali Jean de Lattre de Tassigny. Wakaikomboa miji ya Toulon na Marseille kabla mwezi huo haujaisha. Kisha wakapanda kaskazini hadi milima ya Vosges na nchi ya Alsace, ambako theluji na mizinga vilishirikiana kuwapunguza. Majira ya baridi yalipokaribia, maelfu ya askari weusi waliondolewa katika mstari wa mbele, na sare zao wakavikwa vijana wa Kifaransa waliotoka katika makundi ya upinzani, ili fahari ya ushindi ionekane kuwa na sura moja.

Asante ya punda ni mateke, nayo ilikuja kwa njia ya karatasi. Sheria ya fedha ya tarehe 26 Desemba 1959 iliamuru kwamba pensheni za askari wa nchi zilizokuwa zikijitwalia uhuru zigandishwe katika kiwango kile kile, ilhali za Wafaransa ziliendelea kupanda kadiri maisha yalivyopanda. Miaka ilipopita tofauti ikawa ya kutisha: mnamo 2006 askari Mfaransa aliyepotelewa kabisa na nguvu za mwili vitani alipata euro 690 kwa mwezi, na mwenzake wa Moroko au Tunisia, mwenye majeraha yale yale, alipata euro 61. Mwaka 2001 Baraza la Dola, ambalo ndilo mahakama ya juu katika mambo ya utawala, liliamua katika shauri la askari mmoja wa Senegal kwamba ubaguzi huo ulikwenda kinyume cha mkataba wa Ulaya wa haki za binadamu. Walakini serikali, badala ya kulipa kwa ukamilifu, ilitunga hesabu mpya iliyopima pensheni kwa gharama za maisha ya nchi anayokaa mzee, kana kwamba risasi za Wajerumani nazo zilipimwa kwa bei za soko la Dakar au la Fez.

Hayo yote yalikuwa yameandikwa magazetini na kusemwa bungeni, wala hayakuwa siri. Ila hayakuwa na uso. Aliyeyapa uso ni Rachid Bouchareb, mwongozaji wa filamu aliyezaliwa Ufaransa kwa wazazi wa Kialgeria, ambaye pamoja na mwandishi Olivier Lorelle aliyageuza masimulizi ya askari wazee kuwa kisa cha watu wachache: Saïd, maskini asiyejua kusoma, Messaoud, mlenga shabaha aliyependana na mwanamke wa Marseille, Yassir, aliyejiandikisha kwa ajili ya fedha, na Abdelkader, korporali aliyeamini kwa moyo wake wote kwamba maneno ya uhuru, usawa na udugu yalimhusu yeye pia. Jamel Debbouze, aliyeigiza Saïd, alikuwa mchekeshaji mashuhuri ambaye mkono wake wa kuume ulilemaa kwa ajali tangu ujana, akawa ameuficha mfukoni filamu nzima. Na jina lake lilikuwa miongoni mwa sababu zilizowavuta vijana ambao aghalabu hawaendi kutazama filamu za vita vya babu zao.

Mambo mawili katika filamu hiyo yalikaa vinywani mwa watazamaji kuliko mizinga na moshi wake. La kwanza ni la nyanya. Askari wamo melini wakivushwa kwenda vitani, chakula kinagawiwa, na mpishi anampa nyanya Mfaransa na kumnyima askari mweusi anayefuata. Abdelkader anaitwaa kreti, anaimwaga chini, anazikanyaga nyanya kwa viatu vyake vya kijeshi, na kusema kwamba watakula wote au hatakula yeyote. Halina damu tendo hilo, wala halikuchukua dakika nyingi, lakini mtazamaji ambaye hakuielewa sheria ya 1959 alielewa nyanya. La pili ni la mwisho wa vita. Abdelkader amebaki peke yake katika kijiji cha Alsace baada ya wenzake kuuawa wakikilinda, kikosi cha Kifaransa kinawasili, mpiga picha anawapanga wanakijiji pamoja na askari weupe waliofika baada ya kazi kwisha, na afisa anampita korporali huyo kama apitaye kando ya gogo. Kisha miaka 60 inapita kwa mkupuo, nasi tunamwona mzee akizuru makaburi ya wenzake, akirejea katika chumba chake kidogo cha upweke, na maandishi yanatueleza habari za pensheni zilizogandishwa.

Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Cannes mnamo Mei 2006, na waamuzi wakatoa tuzo ya mwigizaji bora kwa waigizaji watano kwa pamoja: Debbouze, Samy Naceri, Roschdy Zem, Sami Bouajila na Bernard Blancan. Walipoipokea waliimba jukwaani wimbo wa kijeshi wa zamani wa askari wa Jeshi la Afrika, na baadhi ya waliokuwamo ukumbini walishangilia wimbo ambao vizazi viwili vya Wafaransa vilikuwa vimeusahau. Mwanzoni mwa Septemba filamu ilionyeshwa mbele ya Rais Jacques Chirac na mkewe Bernadette. Chirac alikuwa mtu aliyepata kuwa afisa kijana katika vita vya Algeria, na kwa hiyo askari wa Kiafrika hawakuwa wageni machoni pake. Hata hivyo inasimuliwa kwamba taa zilipowashwa mkewe ndiye aliyemhimiza afanye jambo, naye akaahidi papo hapo. Hazikupita wiki nne, ahadi ikawa uamuzi wa serikali.

Watazamaji wa kawaida nao walikuja kwa wingi, zaidi ya milioni 3 katika Ufaransa peke yake. Tukumbuke wakati wenyewe: mnamo Oktoba na Novemba 2005 vitongoji vya miji mikubwa vilikuwa vimewaka moto wa ghasia, na vijana wa ukoo wa Kiarabu na Kiafrika walikuwa wakiulizwa kila siku kama kweli wao ni Wafaransa. Kwao filamu ilikuwa hoja iliyokwisha kuthibitishwa kwa damu ya babu zao. Walimu waliwapeleka wanafunzi wakaione. Wazee waliokuwa hawajapata kusimulia lolote nyumbani wakaanza kuulizwa maswali na wajukuu.

Lakini haikupendwa na wote, na insafu yatutaka tuseme kwa nini. Katika Italia, hasa vijiji vilivyo karibu na Monte Cassino, kumbukumbu ya askari wa Kimoroko wa mwaka 1944 ni kumbukumbu ya wanawake walionajisiwa, msiba ambao Vittorio De Sica aliufanyia filamu La ciociara, iliyompatia Sophia Loren tuzo ya Oscar. Na mtazamaji wa huko aliuliza kwa haki mbona Indigènes imelipita jambo hilo bila kuligusa. Bouchareb alikuwa akitetea watu waliodhulumiwa, na mtetezi huwa hapendi kutaja taksiri za anayemtetea. Lakini historia si wakili, nayo hudai hesabu za pande zote.

Na ule uamuzi wa serikali, ambao magazeti mengi yaliusifu kuwa ushindi wa sinema, ulikuwa nusu ya mkate. Uliyagusa malipo ya waliopigana na malipo ya walemavu wa vita kuanzia mwaka 2007. Haukuzigusa pensheni za waliolitumikia jeshi kama kazi ya maisha, wala haukulipa malimbikizo ya miaka iliyopita. Mzee aliyenyimwa tangu 1959 hakurejeshewa hata senti moja ya alichonyimwa, na aliyekwisha kufa alikuwa amekufa na deni lake.

Yafaa kuulinganisha mwitikio huo na ule wa filamu nyingine mbili. Mwaka 1988 Ousmane Sembène, ambaye mwenyewe alikuwa askari wa Ufaransa katika vita hivyo, alishirikiana na Thierno Faty Sow kutengeneza Camp de Thiaroye, kisa cha askari waliorudi Senegal kutoka vifungo vya Ujerumani, wakadai ujira wao, wakapigwa risasi na jeshi walilolitumikia, alfajiri ya tarehe 1 Desemba 1944. Filamu hiyo ilitengenezwa kwa fedha za Senegal, Algeria na Tunisia, ikapata tuzo maalumu ya waamuzi huko Venice, lakini katika Ufaransa ilikaa miaka mingi bila kuonyeshwa kwa umma. Na mwaka 2010 Bouchareb huyo huyo, akiwa na waigizaji watatu wale wale, alipeleka Cannes filamu Hors-la-loi, inayoanza na mauaji ya Waalgeria mjini Sétif mnamo Mei 1945; safari hii mamia ya watu, wakiwamo askari wa zamani wa Kifaransa, waliandamana huko Cannes kuipinga, na polisi wakaulinda mji kana kwamba umevamiwa. Kutokana na mifano hiyo twaweza kusema kwamba watazamaji wa Ufaransa walikuwa tayari kumlilia askari aliyepigana kwa ajili yao na kumlipa, lakini hawakuwa tayari kumtazama yule waliyempiga risasi. Kuhusu Thiaroye, neno mauaji ya halaiki lilingoja hadi Novemba 2024, Rais Emmanuel Macron alipoliandika katika barua yake kwa Rais Bassirou Diomaye Faye.

Nusu iliyobaki ya mkate haikuletwa na sinema. Tarehe 28 Mei 2010 Baraza la Katiba la Ufaransa, katika shauri la kwanza kabisa chini ya utaratibu mpya unaomruhusu raia kuipinga sheria iliyokwisha kupitishwa, lilibatilisha vifungu vya kugandisha pensheni kwa sababu vilivunja usawa, na kuanzia Januari 2011 malipo yakawa sawa. Filamu ilileta hisani ya mtu mkubwa aliyeguswa moyo, nayo ni neema. Mahakama ilileta haki, ambayo haiondoki moyo wa mkubwa ukigeuka. Hata hivyo mazoea ya kungoja filamu hayakwisha. Tarehe 4 Januari 2023, siku ilipotoka filamu Tirailleurs ya Mathieu Vadepied, ambamo Omar Sy ni baba wa Kisenegali katika Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ilitangaza kwamba askari wazee wachache wa Senegal waliobaki wangeweza kurudi kwao moja kwa moja bila kupoteza posho yao ya euro 950 kwa mwezi, ambayo hapo awali iliwalazimu kukaa Ufaransa nusu ya kila mwaka. Mnamo Aprili, wazee tisa kati yao walishuka Dakar, wakiwa na miaka 85 na zaidi.

Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuna sababu ya kuyatazama haya kama mambo ya watu wengine. Askari wa King's African Rifles walipigana Burma mwaka 1944 katika bonde la Kabaw, katikati ya mvua na malaria, wakiamrishwa kwa Kiswahili. Na nyaraka zilizotolewa hadharani mwaka 2019 zilionyesha kwamba Uingereza iliwapangia kiinua mgongo kwa kufuata rangi, mweupe akipata hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawakumbuka wa vita vilivyotangulia, lakini shaba hailipi pensheni. Katika Ufaransa kesi ilishindwa kuzikwa kwa sababu walikuwapo waliotunza vyeti, na filamu ilitengenezwa kwa sababu walikuwapo waliosimulia. Basi msomaji ambaye babu yake alivaa sare hiyo, na sandukuni mwake mna cheti cha kuachishwa jeshi, nishani au barua, asivitupe wala asiviuze kwa wachuuzi wa vitu vya kale. Avipeleke katika hifadhi ya nyaraka za taifa, na kama mzee mwenyewe angali hai, aandike anayoyasema leo hii.