Mwezi Ukipatwa, Nani Ameshika Ratiba?

Jumapili ya Septemba 7, 2025, mwezi uligeuka mwekundu juu ya Afrika Mashariki. Kuanzia saa 2:30 usiku hadi saa 3:52, dakika 82 nzima, ulikuwa ndani kabisa ya kivuli cha dunia. Wekundu wenyewe ni mwanga wa jua unaopinda ukipita kwenye hewa ya dunia, rangi ileile ya jua linapozama. Kiingilio hakuna, miwani maalumu haihitajiki. Kibarazani, juu ya paa au dirishani jikoni, kote unaona, ili mradi wingu lisikubanie.

Ila shoo hii ya bure iliwahi kutumika kuwatapeli watu chakula.

Juni 1503, Christopher Columbus alikwama Jamaica. Meli zake mbili zilizobaki zilikuwa zimetobolewa na wadudu wa baharini, haziendi popote. Wenyeji wa kisiwa, Wataino, ndio waliomlisha yeye na mabaharia wake kwa miezi, wakilipwa shanga na vikorokoro. Baadaye sehemu ya mabaharia wakaasi, wakaanza kuwapora haohao waliokuwa wakiwalisha. Wenyeji wakachoka, chakula kikapungua. Nani asingechoka?

Jamaa alikuwa na silaha moja: kitabu cha hesabu za mwendo wa mwezi kilichochapwa Ulaya. Kilionyesha kwamba Februari 29, 1504, mwezi utapatwa. Akawaita viongozi wa Wataino, akawaambia Mungu wake amekasirika na usiku huo atauchukua mwezi. Kweli, mwezi ukachomoza na giza likaumega. Simulizi inasema watu walilia, wakakimbilia melini na vyakula. Columbus akajifungia chumbani, eti anawaombea. Kumbe anasubiri muda. Mwezi ulipokaribia kurudi, akatoka na kutangaza msamaha. Chakula kikaendelea kuja mpaka walipookolewa mwaka huohuo.

Sasa jiulize, stori hiyo imetoka kwa nani? Kwa upande wa Columbus mwenyewe, akiwemo mwanawe aliyekuwa naye safarini. Waliomlisha, kwenye simulizi hiyo ni "Wahindi" tu, bila majina. Kama kweli walitetemeka kiasi hicho, aliyesimulia ni mgeni mwenye njaa aliyetaka kuonekana mjanja.

Mwezi huohuo ulishawahi kutumika kwa namna nyingine kabisa, miaka zaidi ya 500 kabla. Mei 24, 997, kijana wa miaka 23 aitwaye al-Biruni alikuwa Kath, mji uliokuwa katika Uzbekistan ya leo. Abu al-Wafa, bingwa wa hesabu aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka 30, alikuwa Baghdad. Walikubaliana kutazama mwezi ukipatwa, kila mmoja akiwa mjini kwake.

Ujanja ulikuwa hivi: kivuli kinaugusa mwezi kwa wakati mmoja kwa kila anayeuona, ila saa za miji hiyo miwili hazilingani. Walipolinganisha, tofauti ilikuwa kama saa 1. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo wakajua Kath iko mashariki ya Baghdad kwa kiasi gani. Setilaiti hakuna, simu hakuna. Mwezi na kuaminiana tu.

Wote hao walijua mapema mwezi utapatwa lini. Mmoja akaificha ratiba ili atishe watu waliomlisha. Wengine wakapeana, na watu wakapata kuijua dunia vizuri zaidi.

Leo ratiba iko kwenye simu ya kila mtu. Desemba 31, 2028, mkesha wa mwaka mpya, mwezi utapatwa tena wote. Dar na Nairobi utachomoza ukiwa tayari umeanza kumegwa, na kwenye saa 2 kasoro usiku utakuwa mwekundu kabisa. Mpigie ndugu aliye mji mwingine, mtazame pamoja, kila mtu kwake. Na akitokea mtu anayesema mwezi umekasirika, kwa hiyo utoe chochote kwanza, muulize tu: kwani utarudi saa ngapi? Ukiona anajua jibu, funga pochi.