Stefano Kaoze na jambo la kuandika

Mara nyingi kijana akishika kalamu huuliza: "Nitaandika juu ya nini?" Tumtazame Stefano Kaoze, mtu wa Marungu, karibu na Ziwa Tanganyika.

Mwaka 1910 alikuwa bado mseminari. Vitabu alivyofundishwa vilitoka Ulaya, na Wazungu wengi siku zile walidai kwamba mtu mweusi hana mawazo yanayofaa kuandikwa. Kaoze hakwenda mbali kutafuta habari. Alieleza kwa Kifaransa namna watu wake wanavyofikiri, wanavyotaka na wanavyosikia moyoni. Insha hiyo ilipigwa chapa katika La Revue congolaise, nayo huhesabiwa kati ya maandishi ya kwanza ya Mkongo kwa Kifaransa.

Mwaka 1917 akawa padri wa kwanza mzawa wa Kongo ya Wabelgiji. Hata hapo aliendelea kukusanya mapokeo ya Watabwa, mpaka alipofariki mwaka 1951. Wazee waliomsimulia hawapo tena, lakini alichokiandika kinasomwa.

Basi wewe unayetafuta jambo la kuandika, nenda ukaketi na mzee wa kwenu. Muulize, sikiliza vema, andika. Akizikwa leo, kesho utamwuliza nani?