Feni ya Injini Katika Nyanda za Juu za Kigoma

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini Kasulu na Kibondo, pamoja na misitu ya Kagerankanda, zilibaki kutegemea barabara za vumbi kwa miongo mingi. Kwenye Land Rover za zamani zenye silinda nne zilizopita huko, feni ilifungwa kwenye puli ya pampu ya maji. Ikipiga kelele, fundi alilegeza mkanda na kuitikisa kwa mkono: ikicheza, beringi ya pampu imekwisha. Kelele ikikoma gari likiwashwa bila mkanda, chanzo kimo kwenye pampu au kwenye dainamo.

Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kuundwa mwaka 1984, zilikuwa na klachi ya feni yenye mafuta mazito ya silikoni. Hapa uchunguzi ulibadilika, na ndipo makosa mengi hutokea. Mngurumo mfupi asubuhi ni wa kawaida. Ukidumu kila mwendo, klachi imeganda. Klachi iliyovuja mafuta, kinyume chake, huizungusha feni kivivu na injini huchemka mlimani. Kabla ya kununua klachi, ni busara kukagua kwanza panga za feni zilizopasuka na kava la rejeta lililolegea kwa mitikisiko ya barabara.