Wasanii Walipoanza Kusoma Mita

Mwaka 2003 merikebu ya matanga iitwayo Noorderlicht ilielekea Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo kaskazini ya mbali, penye barafu. Ndani yake walikuwamo wanasayansi wa bahari, na pamoja nao wasanii. Aliyewakusanya ni David Buckland, msanii wa Uingereza aliyeanzisha mradi wa Cape Farewell mwaka 2001. Aliona kuwa takwimu za wanasayansi kuhusu mabadiliko ya tabianchi haziwagusi watu. Basi wasanii wakaione barafu kwa macho yao, kisha waisimulie kwa ufundi wao.

Safari ya 2005 ilizaa matunda. Mchongaji Rachel Whiteread aliporejea aliujaza ukumbi mkubwa wa Tate Modern, London, kwa maboksi meupe ya plastiki yapatayo 14,000. Mwandishi Ian McEwan yeye alirudi na kisa cha chumba cha viatu. Kila msafiri aligawiwa buti na mavazi ya baridi, akaonyeshwa pa kuyaweka. Hazikupita siku nyingi mambo yakaparaganyika: huyu kavaa buti za yule, yule katwaa miwani ya mwenzake. Jioni watu hao hao waliketi kujadili namna ya kuiokoa dunia. Kisa hicho kiliingia katika riwaya yake Solar, iliyotoka mwaka 2010.

Mzaha huo ulikuwa na swali ndani yake: sanaa yenyewe inachafua kiasi gani? Mwaka 2007 watu wa biashara ya muziki mjini London walianzisha shirika dogo, Julie's Bicycle, likiongozwa na Alison Tickell, aliyewahi kuwa mpiga cello. Walianza na hesabu. Mwaka uliofuata, wakishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, walikadiria kuwa muziki nchini Uingereza ulizalisha tani zisizopungua 540,000 za gesi joto kwa mwaka. Fungu kubwa kuliko yote, asilimia 43, lilitokana na safari za mashabiki kwenda kwenye maonyesho na kurudi.

Hapo ndipo ugumu ulipojitokeza. Kwa taa za jukwaani, meneja wa ukumbi humwita fundi akazibadilisha, na bili ya umeme ikashuka. Lakini meneja huyo hapangi ratiba ya treni ya usiku, wala hajengi njia za baiskeli. Ili apunguze fungu lile la safari, ilimbidi atoke nje ya mlango wake, azungumze na halmashauri, na kampuni za usafiri, na majirani.

Mwaka 2012 Arts Council England, baraza linalogawa fedha za umma kwa sanaa, liliweka sharti: taasisi zinazopata ruzuku yake ya kudumu, karibu 700, ziwe na sera ya mazingira na zitoe hesabu ya umeme na maji. Mita iliyokuwa ikimhusu fundi peke yake sasa ikafika mezani kwa mkurugenzi. Manchester walikuwa wameshatangulia: tangu 2011 majumba ya sanaa ya jiji hilo yalikuwa na kundi la pamoja la kubadilishana mbinu.

Hata kazi ya sanaa iliyohubiri tabianchi haikusamehewa. Msanii Olafur Eliasson na mwanajiolojia Minik Rosing walipopeleka mapande 12 ya barafu ya Greenland mjini Paris, wakati wa mkutano wa tabianchi wa 2015, Julie's Bicycle ilipiga hesabu ya gesi iliyotokana na kuyasafirisha.

Hesabu zilikuwapo, walioadimika ni watu wa kuzigeuza kuwa maamuzi. Mwaka 2017 shirika hilo na washirika wake wa Ulaya walianzisha mafunzo ya uongozi wa tabianchi kwa wasanii na watendaji wa utamaduni. Kundi la kwanza lilikutana Wales, la pili Slovenia. Walisoma sayansi na sera, na namna ya kuwashawishi wakubwa wa kazini.

Fikra ya kupanga kwa vipimo ilijitokeza pia katika Theatre Green Book, mwongozo ambao watu wa tamthilia waliuandaa na wahandisi wa Buro Happold na kuutoa mwaka 2021. Kiwango chake cha chini kilitaka nusu ya vifaa vya onyesho viwe vimeshatumika kwingine, na asilimia 65 viendelee kutumika pazia likishafungwa. Kwa hiyo mbunifu wa jukwaa huulizwa mbao zitatoka wapi, na zitakwenda wapi, kabla hajachora mstari wa kwanza.